Mikono Yangu Ndani ya Geti la Mzee Abdi

Afadhali niwaambie mwenyewe kabla hamjasikia kwa Mwikali, kwa sababu Mwikali akiisimulia huniongezea machozi, na pia husema nilijikojolea, jambo ambalo si kweli (yalikuwa maji ya kuoshea nywele, yalinimwagikia tangu asubuhi, na aliyekuwa saluni siku hiyo anaweza kushuhudia). Lakini hayo mengine yote mliyosikia ni kweli. Ni kweli nilikutwa siku ya Ijumaa, saa sita na nusu mchana, jua likiwa utosini, katikati ya Migwani, mkono wangu umo ndani ya geti la mtu, na ni kweli nilisimama pale karibu nusu saa nikishindwa kutoka. Aibu hiyo nimeshaizoea. Kuna nyingine ndani yake ambayo Mwikali haijui vizuri, na hiyo ndiyo bado sijaizoea.

Mwanzo wake ulikuwa mdogo sana. Mwaka jana nilipoteza ufunguo wa saluni, na wakati nikimsubiri mtu wa kunisaidia nikaona kwenye simu video ya mwanamume mmoja akifungua kufuli kwa vipande viwili vya chuma, taratibu, bila kuvunja chochote, akitabasamu. Nikajiambia, kama huyu anaweza, mimi ninayesuka nywele nyembamba kama uzi kwa saa sita nitashindwaje? Nikajaribu kwa pini za nywele, zikapinda zote. Nikaenda kwa Musyoka, fundi wa magari aliye karibu na saluni yangu, akanipa vile vyuma vyembamba vinavyokaa ndani ya waipa kuukuu, akanisugulia ncha, hata hakuuliza ni vya nini. Musyoka ni mtu asiyeuliza.

Mwezi wa kwanza sikufungua kitu. Ndani ya kufuli kuna pini ndogondogo zimepangwa mstari mmoja, kila moja na springi yake, na kazi yako ni kuinua moja baada ya nyingine kwa chuma kimoja huku kingine kikizungusha tundu la ufunguo kidogo tu, kidogo sana, kwa sababu ukikaza zote zinagoma na ukilegeza zote zinaanguka unaanza upya. Vidole viliota sugu. Mara ya kwanza kufuli la saluni lilifunguka lenyewe, sijui hata nilifanya nini, nikaruka kwa furaha nikamchoma mteja wangu, Mama Syombua, sikio kwa draya, na baada ya hapo likakaa siku tisa bila kufunguka tena. Halafu nikagundua kwamba macho hayana kazi hapo, ni vidole vinavyoona, kwa hiyo nikawa nafanya mazoezi nikiwa nimefunika mikono kwa taulo, nikiongea na wateja, wao wakidhani nakunja kitu.

Tatizo ni kwamba kufuli lako ukishalizoea halina raha. Hapo ndipo nilipoharibika. Mwikali, rafiki yangu anayeuza mitumba ng'ambo ya barabara, ana sanduku la mbao analolifunga akienda kula, nikalifungua siku moja nikalifunga tena, sikugusa hata soksi. Kisha stoo ya kwaya kanisani. Kisha choo cha Mama Syombua, kwa sababu tu kilikuwa na kufuli la aina nisiyoijua. Nilijiambia sichukui chochote, kwa hiyo si kitu. Ukweli ni kwamba nilianza kupenda kile kitambo kifupi cha kusimama mahali pa mtu bila yeye kujua.

Sasa Mzee Abdi. Mzee Abdi ni mfanyabiashara wa mbuzi, familia yao ilitoka kaskazini mashariki, lakini yeye amekaa Migwani tangu kabla sijazaliwa na Kikamba chake kinawashinda watoto wangu. Mke wake alifariki, watoto wako Garissa na Mwingi, anaishi peke yake kwenye ploti inayotazamana na mlango wa saluni yangu. Kila baada ya wiki mbili alikuja kununua hina ya kupaka ndevu zake, na kila mara akiwa anangoja aligonga kaunta kwa pete yake ya fedha yenye jiwe jekundu, ti, ti, ti, mpaka nimhudumie.

Geti lake ni la bluu, la chuma kitupu kutoka juu hadi chini, na limetobolewa tundu usawa wa kiuno, kama mageti yetu mengi. Mnajua yalivyo: kufuli liko upande wa ndani, mwenye nyumba akitoka anaingiza mkono tunduni kutoka nje na kulifunga, akiwa nyumbani analifunga vilevile kwa ndani. Ukilitazama kutoka barabarani huwezi kujua kama mtu yuko au hayuko. Mimi nimekulia na mageti hayo na sikuwahi kulifikiria hilo hata siku moja.

Na kulikuwa na maneno kuhusu ploti hiyo. Ilisemekana Mzee ameiwekea dawa. Kwamba mwizi mmoja aliwahi kuingia, akabeba mbuzi mabegani, na akabaki amesimama palepale na mbuzi shingoni siku mbili, hawezi kwenda mbele wala nyuma, mpaka Mzee aliporudi safari akamwamkia ndipo akaachiliwa. Nani alikuwa akisimulia hadithi hiyo pale Migwani? Ni mimi. Mwanzoni zilikuwa saa mbili, mimi ndiye niliyezifanya siku mbili. Mteja akikaa chini kusukwa saa sita lazima umpe kitu.

Alhamisi geti halikufunguliwa. Mzee huwa anaenda Tseikuru kununua mbuzi, huondoka alfajiri, kwa hiyo mnunuzi mmoja alipokuja na kuniuliza nilimjibu, "Amesafiri." Sikumwona akisafiri. Niliona geti limefungwa, basi. Mama mmoja wa kuuza maziwa akauliza, nikamwambia amesafiri. Ijumaa asubuhi akaja mwalimu wa msikitini, mtu mpole, akasimama mlangoni bila kuingia.

"Mama Mwende, Mzee hajaonekana tangu juzi. Simu inaita tu."

"Ameenda Tseikuru," nilimwambia, nikiwa nimeinamia kichwa cha mteja. "Huko network ni shida."

"Hakuniaga."

"Mwalimu, wewe si unamjua Mzee."

Akashukuru, akaenda. Nilimwona akilitazama lile geti, akaniangalia mimi, kisha akaondoka kwa sababu jirani alikuwa amesema. Hilo ndilo neno ninalowaza nikikosa usingizi.

Tena kulikuwa na sauti. Tangu Alhamisi jioni kitu kilikuwa kikigonga ile bati ya geti kwa ndani, kidogo sana, kinanyamaza, kinagonga tena. Hakukuwa na upepo. Mteja mmoja aliniuliza ni nini nikamwambia, "Hiyo ni dawa ya Mzee inachunga," tukacheka, lakini niligundua nimeongeza sauti ya redio.

Ijumaa hiyo upepo ulikuja sasa, ule wa Agosti wenye vumbi, ukang'oa taulo moja la saluni kwenye kamba na kulitupa ndani ya ploti ya Mzee. Taulo la kijani, jina la saluni nimelishona mwenyewe kwa uzi mweupe. Ningeweza kungoja. Ningeweza kupiga hodi. Lakini hodi ni ya mtu aliyepo, na mimi nilishaitangazia Migwani nzima kwamba hayupo, na isitoshe nilikuwa nimelitamani lile kufuli kwa miezi. Kufungua bila kuona, mikono ndani ya tundu, hiyo ni daraja nyingine kabisa. Nikasubiri watu wapungue kwa chakula cha mchana, nikavuka barabara na vyuma vyangu mkononi, nikijifanya naangalia simu.

Tundu lilitosha mikono miwili kwa shida, shavu langu likiwa limelala kwenye chuma cha moto. Nikalipata kufuli. Lilikuwa zito, la zamani, pini tano. Nikaanza. Ya kwanza ikakaa, ya pili ikakaa, na hapo nikasikia pumzi. Ilikuwa chini, karibu na magoti yangu, upande wa pili wa chuma, pumzi nzito iliyovutwa kama mtu anayenywa uji wa moto. Nikajiambia ni mbuzi. Nikainua pini ya tatu. Pumzi ikasimama, na mimi nikasimama, na nakumbuka wazi kwamba barabara nzima ilikuwa kimya, hata kuku.

Kisha mkono ukanishika.

Ulinishika mkono wa kulia, juu ya kifundo. Ulikuwa mkavu na wa baridi, katika jua lile, na haukunivuta, ulinishika tu na kukaa. Sikupiga kelele mara moja, sauti haikutoka. Nilichofanya, na sitaficha, ni kuuchoma na kile chuma nilichokuwa nacho, mara tatu, kwa nguvu zangu zote, na haukuachia. Vyuma vikaanguka ndani. Nikauchomoa mkono wa kushoto kwa nguvu, ngozi ikabaki kwenye ukingo wa tundu, na ndipo sauti ikatoka.

Wa kwanza kufika alikuwa Mwikali, mdomo bado una chapati.

"Mama Mwende, unafanya nini kwa gate ya Mzee?"

"Nimeshikwa."

"Umeshikwa na nini?"

"Kuna mkono. Mwikali, vuta. Nivute."

Alinyoosha mkono wake anivute, na nadhani angenivuta, lakini nyuma yake Kilonzo, mzee wa mtaa, alisema polepole, "Usimguse." Watu walikuwa wameshajaa, sijui walitoka wapi. Kilonzo akasogea, akauangalia mkono wangu ulivyoingia tunduni, akarudi hatua mbili. "Hiyo ni ile dawa. Ukimgusa mtakwama wote wawili. Ni mwenyewe tu anaweza kumwachilia."

"Na mwenyewe ako wapi?" aliuliza mtu huko nyuma.

"Ako Tseikuru."

"Nani amesema?"

"Si ni yeye Mama Mwende alituambia."

Simu zikatoka mifukoni, zote zikinitazama. Hakuna aliyenigusa. Walikuwa wamefanya duara kubwa, na ndani ya duara hilo nilikuwa mimi peke yangu na ule mkono, na ule mkono ulikuwa umeanza kunibonyeza, unabonyeza, unalegeza, unabonyeza.

"Mtu akishikwa anakiri," alisema mama mmoja wa makamo. "Hata yule wa mbuzi alikiri." (Sehemu hiyo pia niliiongeza mimi.)

Basi nikakiri. Asi, jamani, nilikiri kama mtu anayetapika. Nilisema nimefungua sanduku la Mwikali mara nne. Nilisema stoo ya kwaya. Nilisema choo cha Mama Syombua, naye alikuwepo, nikamwona akifunga mdomo kwa leso. Nikasema zile nywele ninazowaambia ni mpya nyingine zimeshavaliwa, na kina mama sita saba pale wakapeleka mikono vichwani kwa pamoja. Mimi ndiye ninayeongoza maombi ya kina mama kila Jumatano. Nilisema vyote na mkono haukuachia, na nilipoinua macho sikuona mtu aliyekasirika. Walikuwa wananiogopa. Walikuwa wakinifikiria nimesimama ndani ya vyumba vyao, kimya, nikipumua.

"Mpigieni Mzee," alisema Mwikali, sasa akilia. "Hata kama ako Tseikuru, amwachilie kwa simu."

Kilonzo akatoa simu yake, akatafuta namba, akapiga, akaiweka sikioni. Na simu ikalia nyuma ya geti. Ililia chini kabisa, mbele ya magoti yangu, ule mlio wa Mzee ambao kila mtu Migwani anaujua, na ilikuwa karibu kiasi kwamba niliihisi ikitetemeka kwenye bati.

Sijawahi kuona watu wakikimbia hivyo. Hakuna aliyepiga kelele, walikimbia kimya, ndala zikabaki barabarani, Kilonzo akaitupa simu yake na bado ikawa inaita. Nikabaki mimi. Simu ikaendelea kulia, ikakatika. Na katika kile kimya nikasikia ti. Kisha ti, ti. Kitu kigumu kikigonga bati, na kila kilipogonga ule mkono ulionishika ulitikisika, na kitu kama jiwe kikanikwaruza kwenye ngozi.

Pete.

Mnajua muda niliochukua kuelewa? Mrefu. Mkono ulinishika, ukabonyeza, ukagonga kama ulivyogonga kaunta yangu kwa miaka, na mimi nilikuwa nimeuchoma mara tatu na kuuita kila jina.

"Mzee," nikasema. "Mzee Abdi. Ni wewe?"

Ikaja ile pumzi, na ndani yake sauti isiyokuwa neno.

"Mzee, niachie nikufungulie. Ni mimi, Mama Mwende. Niachie."

Akaniachia papo hapo. Na hii ndiyo sehemu ambayo Mwikali haijui, kwa sababu alikuwa amejificha chini ya meza yake: nilipoachiwa nilikimbia. Nilikuwa nimeshajua ni nani. Nilijua ni mtu, ni jirani, ni mgonjwa, na miguu yangu ikanibeba mpaka ng'ambo ya barabara, na nikiwa huko nikauona mkono wake ukitokeza kwenye lile tundu, vidole vikipapasa hewa mahali nilipokuwa, vinatafuta, polepole, vina damu. Nikarudi. Nawaapia nilirudi, lakini kwanza nilikimbia.

Nikaushika ule mkono, nikapiga magoti, nikamwambia niko hapa. Nikachomoa pini kwenye nywele zangu nijaribu kufungua, nikaipindisha, nikachukua nyingine, nikaipindisha. Miezi yote ile ya mazoezi, na siku ambayo kufungua kulikuwa na maana vidole vyangu havikuona kitu. Aliyefungua alikuwa Musyoka. Alitoka chini ya gari lake hana habari ya mkono wala dawa, akauliza, "Mzee ako ndani?" nikasema ndiyo, akaingiza mkono mmoja tunduni akaligeuza kufuli, akapitisha mtaimbo, akakaza mara moja. Likakatika. Sekunde tatu.

Mzee alikuwa ameketi ameegemea geti, upande mmoja wa uso umeanguka. Kiharusi kilimkuta kitandani Alhamisi asubuhi. Usiku wa kuamkia Ijumaa alijikokota hadi getini, akafika kumekucha, na funguo alishindwa kuzitumia. Alikuwa amejifunika kichwa kwa taulo la kijani kujikinga jua. Hilo taulo langu. Tulimpakia kwenye gari la Musyoka tukampeleka hospitali Mwingi, mimi nikiwa nimekishika kichwa chake mapajani, na daktari aliuliza amekaa hivyo tangu lini, na kwa nini hakuna jirani aliyejua.

Kuna kitu kimoja nimewahi kumuuliza Mzee baadaye, maneno yalipoanza kumrudia. Nilimuuliza kuhusu kule kugonga kwa Alhamisi jioni. Akasema Alhamisi yote alikuwa kitandani, hakuweza hata kuinua mkono, alianza kugonga Ijumaa asubuhi alipofika getini. Musyoka anasema ulikuwa upepo. Nami husema ulikuwa upepo. Lakini kuna wateja watatu waliosikia pamoja nami, na wote hawapendi tuliongelee.

Vile vyuma niliviokota kwenye vumbi ndani ya geti lake nikavirudisha kwa Musyoka, na mara hii aliuliza ni vya nini. Mwikali alinunua kufuli lingine, akaniambia waziwazi ni kwa sababu yangu, na bado tunakula pamoja. Sasa kila ninapopita geti lililofungwa nasimama napiga hodi mpaka niitikiwe au mpaka wenyewe wachoke na mimi, na mtu akiniuliza fulani yuko wapi nasema sijui, hata kama nimemwona akipanda gari. Nikiingiza mkono kwenye tundu la geti langu mwenyewe jioni, huwa nausimamisha kidogo kwanza, nangoja.

Mzee huja bado kila baada ya wiki mbili. Mkono wa kulia haujapona, kwa hiyo hina nampaka mimi, na wa kushoto, wenye alama tatu ndogo kati ya kidole gumba na cha shahada, anaulaza juu ya kaunta bila kuuficha. Mara ya kwanza aliyokuja nilikuwa nimemfunika kichwa na uso kwa taulo, lile la kijani, alilolirudisha limefuliwa na kukunjwa. Mwalimu wa msikitini akapita, akasimama mlangoni, akauliza kama nimemwona Mzee. Kabla sijafungua mdomo, sauti ikatoka chini ya taulo, nzito, ikivuta neno kwa upande mmoja wa mdomo.

"Mwambie nimesafiri."

Mwalimu alicheka mpaka akashika mlango, na Mzee akacheka kwa nusu ya uso wake. Mimi nilisema naenda kuchota maji nyuma, na nikakaa huko mpaka hina ikakauka.